Kisado kiliniponza: navyochanganya chakula cha kuku wangu mwenyewe

Mwaka jana mwezi wa tatu kuku wangu 50 walikuwa wananipa mayai 19 kwa siku. Kumi na tisa jamani. Wiki tatu nyuma yake walikuwa wanaleta 38, siku nyingine 41, yaani trei na ushee kila siku, na mie nilishaanza kujiona tajiri wa Nzuguni. Kilichobadilika ni kimoja tu, nilikuwa nimeacha kununua chakula cha dukani nikaanza kuchanganya mwenyewe.

Wanaokaa huku Dodoma wanaujua mwezi wa tatu ulivyo. Alizeti iko shambani bado, mashine za kukamua nyingi zimelala, mashudu ya kutafuta kwa tochi, mahindi ya mwaka uliopita yanaishia, na chakula cha kuku dukani kinapanda kila ukienda. Nikamlalamikia jirani yangu mmoja mama mtu mzima, namheshimu sana, anafuga kienyeji miaka mingi, akaniambia mwanangu mbona unajitesa, pumba debe sita, mashudu debe moja, dagaa kisado kimoja, chumvi kiasi, koroga wape. Mie hapo hapo nikaona nimeokoka, nikaenda mashine nikabeba pumba kwenye bajaji narudi naimba.

Wiki ya kwanza kuku walikula mpaka nikasema hawa wamekipenda, vihori viko tupu kila saa. Wiki ya pili naokota mayai naona mengine ganda linabonyea ukilishika, mengine hayana ganda kabisa, ngozi tu. Wiki ya tatu wakaanza kudonoana mikia, mmoja akitoka damu wenzake wote wanamwandama, na wakaanza kula mayai yao wenyewe, nikichelewa nakuta maganda na ute tu kwenye kiota. Nikajua ugonjwa. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo nikanunua antibayotiki, nikanunua vitamini, nikanunua dawa ya minyoo, hela ile ukiijumlisha ningenunua viroba viwili vya chakula kizuri kabisa.

Mwisho nikampigia bwana mifugo. Alipofika hakuuliza habari za dawa, alimshika kuku mmoja akampapasa mfupa wa kidari, akashika mwingine, akaenda kwenye kihori akachota chakula akakipuliza kwenye kiganja. Pumba zikapeperuka zote. Akacheka.

"Dada, hawa kuku hawaumwi. Wana njaa."

Nikamwambia kaka unanitania, hawa wanakula kutwa nzima. Akasema ndio, wanakula kutwa nzima kwa sababu hawashibi, gole linajaa pumba mwili hauoni kitu. Halafu akaniuliza kuku wa yule mama wanashinda wapi. Nikasema wanazurura. Basi hapo ndo nikaelewa. Kuku wake wanatoka asubuhi wanarudi jioni, wanakula mchwa, panzi, majani, mabaki ya jikoni kwa majirani (na bustani yangu ya mchicha pia, lakini hayo tuyaache), zile pumba za jioni ni za kuwaitia tu walale nyumbani. Wangu ni kuku wa mayai, wamefungwa bandani mwaka mzima, asichokiweka mama mwenye kuku hakipo. Fomula ya yule mama haikuwa mbaya hata kidogo, ilikuwa ya kuku wengine.

Tukakaa chini ya mwarobaini akanifundisha hesabu, na nitaiandika hapa kama nilivyoielewa mie, ambaye hesabu niliziacha fomu foo na sikuzikumbuka tena.

Kuku anayetaga anahitaji chakula ambacho kwenye kila kilo 100, protini iwe kama kilo 16 mpaka 17. Sasa kila kitu unachoweka kina kiwango chake. Mahindi yana kama 9. Pumba za mahindi kama 10. Mashudu ya alizeti yetu haya, ambayo mashine nyingi ndogo zinakamua na maganda yake, weka 26 mpaka 28 hivi, yakikamuliwa bila maganda yanapanda zaidi. Soya iliyokaangwa 36 hivi. Dagaa wazuri wakavu 55 na kuendelea. Unachukua kilo za kila kimoja unazidisha na kiwango chake unagawanya kwa 100, unajumlisha, basi. Tulipopiga ile ya debe sita ikatoka kama 13, na hapo tumewahesabu dagaa kwa huruma. Halafu chokaa hakuna kabisa. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, yai moja linabeba kama gramu 2 za kalsiamu, kuku usipompa anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka inaisha, ndo maana nilikuwa naokota mayai laini na kuku wengine walianza kukaa chini hawataki kusimama.

Akaniandikia kwenye daftari la mwanangu la sayansi, kwa kilo 100: mahindi au mtama ulioparazwa (uliosagwa chenga chenga) kilo 45, pumba za mahindi 15, mashudu ya alizeti 18, soya iliyokaangwa na kusagwa 7, dagaa 6, chokaa ya mifugo saba na nusu, unga wa mifupa 1, chumvi gramu 300, na premiksi ya kuku wa mayai gramu 250 (ule unga wa vitamini na madini, soma paketi, kila kampuni ina kipimo chake). Ukipiga hesabu protini inatoka 16 na point kidogo. Kuku 50 wanakula kama kilo 6 kwa siku, kuku mmoja gramu 120, kwa hiyo mchanganyo mmoja unanipeleka siku 16.

Sasa ungedhani hadithi imeishia hapo. Haikuishia, maana mie sikuwa na mizani.

Nilikuwa na kisado, lile kopo la rangi la lita 4, na kichwani nikajiwekea kwamba kisado kimoja ni kilo nne, lita si ndo kilo, si tunavyopima maji. Nikachanganya vyote kwa kisado. Dagaa kilo 6, kisado kimoja na nusu. Chokaa saba na nusu, visado viwili kasoro kidogo. Nikapiga koleo nikajifuta jasho nikawawekea. Kuku wakawa wanachagua chagua, kinyesi kikawa maji maji, mayai yakapanda mpaka 25 yakagoma hapo. Wiki mbili nasukumana nao tu.

Siku nimeenda mashine na kisado changu mkononi nikamwomba yule kijana wa mizani anipimie, kwa udadisi tu. Dagaa wakavu, kisado kizima, hawafiki hata kilo moja na robo! Chokaa, kisado hicho hicho, kilo tano na zaidi. Nikasimama pale kama nimemwagiwa maji ya baridi. Kumbe badala ya kilo 6 za dagaa nilikuwa naweka isiyofika mbili, na chokaa nikaijaza mpaka kilo kumi, yaani nilikuwa nawalisha ukuta. Debe la pumba nalo halifiki hata kilo 9 wakati debe la mahindi linakaribia mara mbili yake. Ndo maana hizi fomula zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, debe hivi debe vile, mie siku hizi nazipita tu. Debe la nini? Limeshindiliwa au limemiminwa? Pumba za mashine ipi, laini au chenga?

Nikanunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na kile kidogo cha jikoni cha kupimia chumvi na premiksi. Wiki ya tatu baada ya hapo mayai yakarudi 36, halafu 39.

Tuje kwenye vitu vyenyewe maana huko nako kuna mitego yake.

Dagaa kwanza kwa sababu ndo wanaokula hela na ndo wanaoibiwa sana. Dagaa wengi wa kulishia kuku wanatoka ziwani wameanikwa chini kwenye mchanga, kwa hiyo mchanga kidogo utaukuta tu, ila kuna wengine wanauziwa mchanga wenye harufu ya dagaa. Chukua konzi moja weka kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika chache. Mchanga unazama chini unauona kwa macho. Mie sasa hivi natembea na glasi kabisa sokoni, wanaona nina wazimu lakini wakiniona wananitolea gunia la nyuma. Na usinunue waliokwisha kusagwa kama unaweza kuwapata wazima, ukishasagiwa hujui umesagiwa na nini. Wakiwa na chumvi, punguza au acha kabisa ile chumvi ya kwenye fomula, chumvi ikizidi kuku wanakunywa maji kama wametoka jangwani na wanaharisha, vifaranga wanakufa kabisa.

Soya lazima ikaangwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia kuku asimeng'enye protini, kwa hiyo unampa chakula na hapo hapo unamfunga asikitumie. Naikaanga kavu kwenye sufuria kubwa kama navyokaanga karanga, moto wa wastani, nageuza bila kuacha mpaka rangi inakuwa kahawia nyepesi na harufu inageuka kuwa tamu, ukiing'ata inavunjika. Ikiungua ikawa nyeusi umepoteza tena. Nikikosa soya naongeza mashudu na dagaa kidogo, nasogeza hesabu. Mashudu ya pamba siweki kwa kuku wa mayai, bei yake inavutia lakini yana sumu yake na yai likikaa kiini kinageuka rangi kama ya matope ya kijani, mteja akivunja yai kama hilo hatorudi tena kwako.

Mtama huku kwetu ni neema. Ule mweupe, kama Macia, naubadilisha na mahindi hata nusu kwa nusu bila kuku kujua. Ule mwekundu mchungu ambao ndege hawaugusi shambani, hata kuku haumsaidii sana, uchungu ule ule unaokimbiza ndege unashika protini isitumike. Kidogo tu.

Chokaa iwe ya mifugo, sio ile ya kupaka ukuta, kuna mtu aliniuliza kwa uzito kabisa kama ni ile ile. Hapana, ile inaunguza. Na pembeni nawawekea makombe ya pwani yaliyopondwa kwenye kikopo chao, jioni jioni, kwa sababu ganda la yai linatengenezwa usiku na zile chenga zinakaa tumboni zinayeyuka taratibu wakati wamelala. Anayehitaji anadonoa, asiyehitaji anapita.

Sasa kuchanganya. Hapa ndo watu wanapoharibu hata kama wamepima vizuri, maana gramu 250 za premiksi ndani ya kilo 100 ni kitu kidogo mno, ukimwaga juu ukapiga koleo mara mbili kuna kuku watakula premiksi ya wiki nzima siku moja na wengine hawataionja. Mie natandika turubai. Premiksi na chumvi nachanganya kwanza na kilo moja ya paraza kwenye beseni kwa mkono, halafu hiyo naiongezea kilo tano nachanganya tena, halafu naongeza chokaa na mifupa, ndo namwaga kwenye rundo kubwa. Kisha koleo, nalihamisha rundo lote kutoka upande huu kwenda upande ule, narudisha, nahamisha tena, mara nne au tano. Mikono inauma, ndio. Wanangu nawaita wasaidie wanasikia dagaa wanakimbia.

Nichanganye kingi cha miezi miwili nipumzike? Hapana. Chakula kikishasagwa kinaanza kuharibika, mafuta ya dagaa na soya yanachacha, vitamini zinakufa. Wiki mbili, tatu mwisho. Na viroba vinakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, sio sakafuni.

Halafu kuna hili la mahindi mabovu, na hapa nisimame kidogo kwa sababu nilikaribia kuingia. Kwenye masoko yetu kuna kitu kinaitwa mahindi ya kuku. Ukiuliza ni yapi, ni yale yaliyooza, yana ukungu, yamelowa, hayauziki kwa binadamu, bei nusu. Nilienda Kibaigwa na jamaa mmoja wa kusafirisha nafaka nikaonyeshwa gunia nne kwa bei ya kutupa, nikawa nishashika pochi. Nikampigia bwana mifugo kumringishia. Akanijibu kwa ukali ambao sijawahi kumsikia nao, akaniambia weka chini dada ondoka.

Ile ni sumukuvu. Ukungu unaota kwenye nafaka isiyokauka vizuri unatengeneza sumu inayokula ini, na hata ukisaga, hata ukipika, sumu haitoki. Na sumu hii yenyewe ilijulikana duniani kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, wakauita ugonjwa X, mpaka ikaja kugundulika walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu kutoka Brazili. Na kwa sisi wa huku hakuna haja ya kwenda Uingereza, mwaka 2016 watu walikufa hapa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Sasa unamnunulia kuku wako halafu yai unamkaangia mtoto, na sumu ile, japo kidogo, inapita kwenye yai. Kuku anaweza asife, atadumaa tu, atataga kidogo, kila ugonjwa utamkuta, na wewe utazunguka maduka ya dawa kama nilivyozunguka mie. Ukiwa na vifaranga vya bata ndo watakaokwambia mapema, wao hawavumilii hata kidogo. Kwa hiyo mahindi nanunua baada ya mavuno, mwezi wa saba wa nane, makavu, nang'ata punje lazima itoe mlio, na mashudu nanunua kipindi hicho hicho mashine zikiwa zinaunguruma kila kona. Hiyo peke yake imenishushia gharama kuliko ujanja mwingine wowote.

Kuna kesi ya kiini pia. Kijana wangu wa chipsi, anachukua trei mbili kila baada ya siku mbili, alikuja analalamika, mama mayai yako chipsi mayai inatoka nyeupe wateja wanadhani nimewawekea unga. Ni kweli, mahindi meupe na mtama mweupe havina ile njano, kiini kinatoka kimepauka. Njano haiongezi kitu kwenye lishe ya maana sana lakini mteja ni mteja na Mtanzania akiona kiini cha njano anasema hili la kienyeji. Nikaanza kuwafungia mafungu ya mchicha na matembele kwa kamba yananing'inia bandani, wanadonoa wanaruka ruka, na kumbe hata kudonoana kulipungua maana wana kazi ya kufanya. Kiangazi majani yakiwa ya shida nasaga majani makavu ya mlonge au ya mti wa lusina. Lusina isizidi kilo 5 kwenye 100, ina sumu yake, ukizidisha mayai yanashuka. Ndani ya wiki mbili hivi kijana wa chipsi alinyamaza.

Vifaranga sijawahi kuwachanganyia na sitaki. Wale wanataka protini 19 au 20, kila kitu kiwe sawasawa, na kosa dogo la mkubwa kwao ni msiba. Na usije ukawapa chakula cha kuku wanaotaga kwa sababu kimebaki, ile chokaa yote inawaharibu figo, mkubwa anaitoa kwenye yai, wao wataitoa wapi? Wiki 8 za kwanza nanunua dukani, naumia, nalipa. Nyongeza yao ni ule ujanja wa bibi yangu tu, chungu kilichopasuka unakijaza mabua na samadi yenye unyevu unakifunika kichwa chini kwenye njia ya mchwa jioni, asubuhi unafunua mchwa wamejaa. Vifaranga wanavyokimbilia utadhani pilau.

Je inalipa? Kilo moja ya kwangu inatoka chini ya bei ya dukani, lakini sio nusu kama wanavyotangaza kwenye mitandao, na hapo sijahesabu mgongo wangu. Kama una kuku kumi na tano nunua tu kiroba, utatumia nauli ya kutafuta premiksi kuliko utakachookoa. Kuanzia 40, 50 kwenda juu ndo naona maana yake. Na mie sihesabu tena bei ya kilo, nahesabu trei, nimetumia chakula cha shilingi ngapi kupata trei moja. Zile pumba za debe sita zilikuwa rahisi kuliko chakula chochote nilichowahi kununua na ndo mwezi niliopata hasara kubwa kuliko yote.

Juzi yule mama jirani alipita, tukasalimiana, akaona turubai na daftari nimetundika ukutani na mizani inaning'inia, akasoma soma. Ameleta kuku wa mayai 30 na yeye, chotara hakuwataka. Akaniambia mwanangu, niazime hiyo mizani mara moja. Nikampa. Leo siku ya tatu hajairudisha, chakula changu kimebaki cha siku mbili, na naona aibu kwenda kumgongea.